Po la Kumi na Mbili

"Bonyeza tena."

"Nimebonyeza mara nne po, Baba."

"Basi bonyeza ya tano. Mtu akikaribishwa hagongi mara moja akaondoka."

Marivel akabonyeza. Ile linki ya buluu kwenye barua pepe ikakaa vilevile, kama mtu anayeitwa akajifanya hasikii. Halafu kikatokea kiboksi cha kijivu: *Hakuna programu ya kufungua linki hii.*

Kaka yangu Teodulo akavua miwani, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi.

"Saa kumi kamili nazima mashine hii," akasema. "Na jina la Jondel lisitajwe tena ndani ya nyumba yangu."

Mimi nilikuwa nimeketi karibu na mlango, rozari mkononi. Tangu mume wangu alale usingizi wa haki naishi hapa Lipa, mkoani Batangas, kwa kaka, na binti yake Marivel nimemlea kama wangu. Hakulia. Alilinyoosha gauni lake jipya magotini, kisha akachukua simu.

Niseme kwanza tulivyofika hapo.

Miezi sita nyuma, Jondel, mchumba wa Marivel, alikuja mwenyewe kutoka Cebu, amebeba boksi la maembe makavu. Aliinama auchukue mkono wa kaka auguse kwa paji la uso, adabu ya mdogo kwa mkubwa. Kaka alikuwa tayari kumpa. Akamuuliza tu, "Umekula?"

"Nimeshakula," akajibu kijana.

Basi. Akaishia hapo. Hakusema po.

Sisi watu wa Batangas hata tukigombana na mkubwa, hako kaneno ka heshima hakakosi mwishoni. Ndiyo po. Hapana po. Sitaki po. Lakini kwao Cebu, huko Visaya, neno hilo halipo kabisa, heshima wanaiweka kwenye sauti. Marivel alimweleza baba yake hivyo, na mimi nikaeleza. Kaka aliurudisha mkono mfukoni.

"Asikanyage hapa mpaka mzazi wake aniombe mwenyewe," akasema. "Kwa barua."

Miaka thelathini na moja kaka alifanya kazi posta. Kwake yeye, neno lisiloandikwa kwenye barua bado halijasemwa.

Baba yake Jondel ni marehemu. Mama yake, Consorcia, ni mfanyakazi wa ndani Hong Kong, na mkataba wake una miaka miwili mbele. Siku yake ya kupumzika ni Jumapili peke yake. Ndipo vijana wakapanga: mama aandike barua pepe, kisha tuonane kwenye kompyuta, aombe posa kwa mdomo wake.

Barua ilifika Jumatano. Kaka aliisoma kidole kikiwa juu ya kioo:

*Mzee Teodulo po,*
*Mimi ni Consorcia po, mama yake Jondel. Naomba radhi po kwa kuandika badala ya kuja. Mwanangu hakukusudia kukudharau po, ni mimi sikumfundisha po. Nina nafasi Jumapili tu po, saa tisa po. Naomba po tuonane kwenye kompyuta, nikuombe binti yako kama inavyopasa po. Mlango ni huu hapa chini po. Asante sana po.*

Na chini kabisa, ile linki ndefu.

"Kumi na moja," kaka akasema.

"Kumi na moja nini po, Baba?"

"Po kumi na moja. Kwenye kabarua kafupi hivi."

Hakutabasamu. Lakini Jumamosi alikwenda kunyoa, nami nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Sasa ilikuwa Jumapili, viti vimepangwa, suman za mchele wa kunata zimewekwa mezani bado zimefungwa kwenye majani yake, na linki haifunguki.

"Jondel, haifunguki!" Marivel akasema kwenye simu. Alikuwa ameweka sauti ya nje.

"Usinitanie leo, mpenzi. Mama ameshaingia. Yuko pale anatabasamu peke yake."

"Inasema hakuna programu ya kufungua linki."

"Kuna mtu alifuta kitu kwenye hiyo kompyuta?"

Marivel akageuka. "Baba, ulifuta kitu po?"

"Nilifuta lile duara la rangirangi. Lilikuwa linaniletea matangazo ya chupi."

Nikafanya ishara ya msalaba. Upande wa pili Jondel akakohoa kikohozi kirefu ambacho hakikuwa kikohozi.

"Sawa," akasema. "Ile programu ya barua bado inalitafuta lile duara. Imeagizwa linki zote zipelekwe kule, na kule hakuna mtu. Fungua mipangilio. Umeona pameandikwa programu za kawaida?"

"Nimeona."

"Chagua ile nyingine ya kuingilia intaneti. Ile ya zamani."

"Nimechagua."

"Na hii ndiyo kazi unayolipwa huko Cebu?" kaka akauliza kwa sauti, bila kusogea kwenye simu.

"Kutwa nzima, Mzee." Pakapita kimya kidogo. "Po."

"Limechelewa," kaka akasema.

Marivel akabonyeza. Safari hii ukurasa ukafunguka, mweupe, mpana. Tukasogea wote watatu. Katikati pakaandikwa maneno matatu: *Mkutano huu haupo.*

"Haupo," kaka akasema polepole. "Nimegonga mihuri ya 'hayupo' nusu ya maisha yangu. Najua maana yake. Huyo mama amenichezea."

"Hapana po, Baba! Ngoja niingie kwa simu yangu. Jondel atanitumia linki yake, dakika moja tu po."

"Linki ya Jondel? Aliyeniandikia ni mama yake. Mlango alionionyesha ni huu. Kama huu hauna nyumba, sitaingilia dirishani kwa mwanawe."

Akakunja mikono. Nikimjua kaka yangu, mikono ile ikikunjwa hivyo, humwambii kitu.

Marivel akakimbilia jikoni na simu. Nikamfuata, nikajifanya nachemsha kahawa.

"Niambie ukweli," sauti ya Jondel ilikuwa imebadilika. "Mmebonyeza, au hamkubonyeza?"

"Tumebonyeza! Inasema mkutano haupo!"

"Mimi niko ndani. Mama yuko ndani. Unaniambiaje haupo? Marivel, kwa siku nahudumia watu arobaini wa linki zilizogoma, najua mtu ambaye linki imemgomea na najua mtu ambaye hataki kuja kwenye kikao."

"Unasemaje?"

"Nasema kama mnaona aibu kukaa uso kwa uso na mfanyakazi wa ndani, semeni. Mama yangu nitamwambia mwenyewe."

Kijiko kikaniponyoka mkononi.

"Jondel," Marivel akasema, taratibu sana. "Hili gauni nimelishona mwenyewe, ili mama yako akiniona mara ya kwanza anione nimependeza. Wewe kazi yako ni kuwafungulia watu linki. Ya kwako mwenyewe imekushinda, unanitupia mimi?"

Akakata simu. Akasimama akiangalia sinki. Simu ikatetemeka, akasoma, akanipa.

*Nisamehe. Nimeongea kama mpumbavu. Mama yuko kwenye daraja la waenda kwa miguu na wenzake, wanapokutana kila Jumapili, jua kali, wamemshikia mwavuli. Amevaa gauni la kanisani. Kila dakika ananiuliza, wamekuja? Sijui nimjibu nini.*

"Shangazi," Marivel akaninong'oneza, na sasa machozi yakamtoka. "Nimjibu nini po?"

"Mjibu kwamba bado hatujaondoka mezani."

"Na Baba?"

"Baba yako niachie mimi na kahawa."

Saa kumi kasoro dakika kumi na tano. Kaka alikuwa ameshasimama, kidole karibu na kitufe cha kuzimia. Nikamwekea kikombe mbele yake.

"Kaka, nikuulize. Ulipokuwa posta, barua ikikosa mwenyewe mlikuwa mnaitupa?"

"Kuitupa?" Akanigeukia kama nimemtukana. "Sijatupa barua hata moja, Pacing. Hata moja!"

"Mlikuwa mnafanyaje?"

"Nasoma anwani upya. Herufi kwa herufi. Wengine waliandika kama kuku anayeparua, lakini nilifikisha."

Nikarudi kwenye kiti changu, nikashika punje ya rozari nilipokuwa nimeishia.

Kaka akaangalia kikombe. Akaangalia kompyuta. Akavaa miwani.

"Marivel! Hii kitu ina anwani?"

Binti akatoka jikoni mbio. "Ina anwani po, Baba! Linki yenyewe ndiyo anwani."

"Nataka kuisoma."

Akampigia Jondel. Hawakusalimiana. "Baba anataka kuisoma linki," akasema tu.

"Basi msibonyeze," Jondel akajibu haraka. "Bonyeza mausi upande wa kulia, uinakili. Ibandike kwenye ukurasa mtupu, ukuze maandishi."

Marivel akaikuza mpaka kila herufi ikawa kubwa kama kifungo cha koti. Kaka akainama, kidole juu ya kioo, akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya posta. Jondel akawa anafuatisha kwenye linki yake kule Cebu.

"Nne."

"Sawa."

"Sifuri. Saba. Moja."

"Sawa, Mzee po."

"Nane. Mbili."

"Sawa. Hapo ndio mwisho po."

"Si mwisho. Kuna herufi mbili zimebaki."

"Hakuna herufi po, Mzee. Inaishia na mbili."

"Kijana, nimeanza kusoma anwani hujazaliwa. Nakwambia kuna herufi mbili. P." Akasogeza kidole. "Na O."

Tukamsikia Jondel akiipitia upya linki yake.

"Soma tena po," Jondel akasema.

"P. O." Kidole cha kaka hakikutoka pale. "Po."

"Ee Mungu wangu. Mama."

"Mama kafanya nini?" Marivel akauliza.

"Nilimwambia mimi! Nilimwambia, Mama, yule mzee ukimwandikia weka po. Akaniuliza, niweke wapi mwanangu, sisi hatuna hilo neno? Nikamwambia, kila unapomaliza kitu, weka." Hatukujua kama anacheka au analia. "Akamaliza na linki. Akaiwekea po. Hakuacha nafasi hata kidogo, na programu ya barua haijui heshima, imeona herufi imezibeba zote. Ndiyo maana inatafuta mkutano ambao haupo. Marivel, nisamehe. Nilikutukana bure."

"Tutaongea baadaye," Marivel akasema. Lakini alikuwa ameshika mdomo, na mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko.

Kaka hakucheka. Aliyatazama yale maandishi makubwa kwa muda mrefu, kama anavyotazama picha ya marehemu mama yetu.

"Kumi na mbili," akasema. "Nilihesabu kumi na moja. Kumbe ni kumi na mbili."

"Nizifute po, Baba? Tuingie? Imebaki dakika sita."

"Ngoja. Chapisha barua kwanza. Hivyohivyo ilivyo."

Printa ikakoroma, ikatoa karatasi. Kaka akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo.

"Sasa futa."

Marivel akafuta herufi mbili, akaipeleka linki kwenye ile programu ya zamani, akabonyeza. Kidude kikazunguka, kikazunguka. Nikasema Salamu Maria moja nzima. Kisha kioo kikajaa uso wa mwanamke aliyevaa gauni la njano, jasho kwenye paji la uso, mwavuli juu yake, na nyuma yake vichwa vitano vya wenzake vinachungulia.

"Wamekuja!" wale wa nyuma wakapiga kelele. "Consorcia, wamekuja!"

"Habari za mchana po!" Akasogeza simu karibu na uso. "Mnanisikia po? Mzee Teodulo po, nimesubiri nikaogopa po. Niliwaonyesha mlango mbaya po?"

Kaka akasimama. Sijawahi kumwona akisimama kumheshimu mtu aliye ndani ya kompyuta. Yeye ni mkubwa kwa yule mama kwa miaka ishirini, na hakuna aliyemdai chochote.

"Mlango ulikuwa mzuri, Mama," akasema. "Ni sisi tuliochelewa kuusoma po."

Consorcia akafunika uso kwa mikono yote miwili. Mwenzake mmoja akampokea simu isianguke. Alipojikusanya akaomba posa yake yote, kwa lugha yetu, Kitagalogi cha kuokoteza, po zikimwagika kila mahali, hata katikati ya maneno. Kaka akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Saa kumi ikapiga. Hakuna aliyegusa kitufe.

"Kijana," kaka akasema.

Jondel alikuwa kwenye kadirisha kadogo pembeni, amevaa tai. "Naam po, Mzee."

"Umekula?"

Nikaona Marivel amefumba macho.

"Bado po," Jondel akajibu. "Sijaweza kula tangu asubuhi po."

"Basi Jumapili ijayo njoo ule. Shangazi yake atapika."

Halafu kaka akanyoosha mkono, mgongo wa kiganja juu, akausogeza mpaka karibu na kamera. Kule Cebu, Jondel akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa kioo chake. Tukabaki tukiona nywele tu.

Harusi tuliifanya Februari, kwenye misa ya asubuhi. Consorcia alipewa ruhusa ya siku kumi. Kaka aliamka mapema siku aliyofika, akavaa lile shati lenye ile karatasi mfukoni, akakaa nyuma ya mlango tangu kahawa ya kwanza. Nilimwambia apumzike, gari la kutoka uwanja wa ndege bado liko mbali. Hakunisikia.

Tukasikia mizigo ikiburutwa, kisha sauti ya mwanamke nje, ya woga kidogo.

"Hodi p—"

Kaka alikuwa ameshafungua.