Mdoli Asiyetaka Wigi

Apa hutamwambia mtu, maana mie mwenyewe niliapishwa. Haya, sikiliza.

Shoga yangu Widad wa Kipawa hung'oa nywele za midoli, akabandika wigi. Mdoli mmoja kamchosha! Kila akimbandika, asubuhi wigi liko chini. Akamshutumu wifi yake, Ahlam, anayekaa naye.

"Gundi yangu imeisha kwa uchokozi wako! Leo unarudi kwenu!"

"Wifi, wigi la mdoli nilifanyie nini? Nina kipara?"

Widad akabandika tena, akamfungia mdoli kabatini mbele ya majirani. Wakatega sikio. Gizani mle kabatini wakasikia kwaru... kwaru... kisha kitu kikadondoka.

Akafungua. Wigi chini. Kichwani, kwenye vitundu vilivyong'olewa nywele, nywele mpya zilikuwa zinachomoza, zinarefuka, wote wakiziona.