Kivuli cha Mlinzi

Toroli lilimgonga bwana mmoja kifundoni, na kabla hajageuka, abiria wa toroli alishaanza kumlaumu.

"Wewe ndiye uliyesimama barabarani!"

Abiria alikuwa binti wa miaka mitano, nywele kafungwa mabutu mawili, amesimama katikati ya sabuni na mkate kama nahodha. Aliyekuwa akisukuma ni mama yake, mshona mapazia katika duka la vitambaa lililo jirani. Supamaketi ilifurika watu siku hiyo, na wengi wao hawakuja kununua kitu. Walikuja kupoa. Nje upepo wa jangwani ulivuma kama mtu kafungua mlango wa tanuri akasahau kuufunga, na humu ndani kulikuwa na kiyoyozi na sakafu inayoteleza vizuri.

"Samahani sana, kaka yangu," mama akasema, uso umemshuka kwa aibu. "Chiriku, omba radhi."

"Radhi," akasema binti, ambaye jina hilo alilipata kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. "Lakini alisimama barabarani."

Yule bwana akajisugua mguu. Alikuwa mrefu, kavaa shati la buluu la mikono mirefu, kofia pana imening'inia mgongoni, shingo imeungua kwa jua. Akainama mpaka macho yake yakawa sawa na ya Chiriku.

"Ni kweli, kosa langu. Barabara hii inakwenda wapi, dereva?"

"Kwenye bembea."

"Na bembea iko wapi?"

"Hakuna. Mama anasema mji huu haukujengwa kwa ajili ya watoto, ulijengwa kwa ajili ya mijusi."

Bwana akacheka mpaka watu wakageuka. Mama hakucheka. Hilo lilikuwa donda lake, na limeguswa.

"Unacheka, kaka, lakini mimi nimechoka," akasema. "Nimezunguka na huyu mtoto mpaka viatu vimeisha. Anaishi chumbani kama begi. Pale mtaani kwetu kuna uwanja, una mtelezo mzuri wa bati na turubai kubwa la kivuli. Unajua kivuli chenyewe kinaangukia wapi? Kwenye kiti cha mlinzi! Mtelezo uko juani. Mwanangu alikaa pale mara moja tu, akaungua mapaja, malengelenge mawili. Sijui mpumbavu gani alilifunga lile turubai. Siku nikimpata, nitamkalisha kwenye ule mtelezo alasiri, bila suruali."

Bwana akakohoa, kicheko chake kikaisha.

"Bustani zipo nyingine," akasema. "Nazipitia pitia kikazi. Kazi za manispaa, huku na kule. Nipe namba yako, nikutafutie uwanja mzuri."

"Namba yangu kwa sababu ya bembea?"

"Kwa sababu ya dereva. Akiendelea humu ndani, ataua mtu."

Akampa.

Simu ikalia siku iliyofuata, mama akiwa na pini za kushonea mdomoni.

"Mama Chiriku, nimeupata. Una nyasi!"

"Nyasi za kweli?"

"Za plastiki. Lakini za kijani kabisa."

Wakaenda wote watatu. Nyasi za plastiki zilikuwa zimepata moto, zinanuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, na Chiriku aliruka ruka juu yake huku akilia. Uwanja wa pili ulikuwa na minyororo ya bembea isiyo na viti. Wa tatu ulikuwa na bomba zuri la maji ya kunywa lisilotoa maji, na bango refu kuliko mtelezo, linakataza kukimbia, kupiga kelele na kucheza mpira.

"Kwa hiyo watoto waje hapa kufanya nini?" mama akaliuliza lile bango. "Kusali?"

Wa nne ndio uliomtoa machozi. Ulikuwa na miti, bembea nzima, mchanga safi, na lango lililofungwa kwa kufuli jua lilipokuwa linazama, yaani saa ile ambayo ndipo kwanza mtu anaweza kutoka nje bila kukaangika. Walifika, wakatazama ndani kupitia vyuma, wakarudi.

"Huu ni mzaha," akasema. "Kuna mtu mahali fulani, kakaa ofisini, anatucheka."

"Usilie, mama," bwana akasema. "Tutapata."

"Silii. Nimekasirika, macho ndiyo hayajui tofauti."

Bwana akampa leso. Pamoja na kukasirika kwake, mshona mapazia alianza kugundua vitu. Kwamba huyu mwanamume hakumruhusu Chiriku aguse chuma chochote kabla yeye mwenyewe hajakiwekea kiganja, akahesabu kimyakimya, ndipo akasema "pita" au "bado". Chiriku akambatiza Bwana Kiganja. Kwamba yeye mwenyewe, siku za kwenda uwanjani, alikuwa ameanza kuvaa lile gauni la kitani la rangi ya maji ya kunde ambalo halikutoka kabatini tangu baba Chiriku aondoke. Baba Chiriku alikwenda mbali kutafuta kazi, akaipata, na mke mwingine aliyekuwa kafichwa huko tangu zamani akapatikana pia.

"Leo umependeza," simu ikasema jioni moja.

"Umeniona wapi leo? Hatukuonana."

"Basi nabahatisha. Nimekosea?"

"Hukukosea," akasema, na mkasi ukamponyoka.

Jambo moja tu lilimshangaza. Kila akisema, "Mpenzi, tukaangalie tena ule uwanja wa mtaani kwetu, labda wamerekebisha," Bwana Kiganja alikuwa na udhuru. Mara mgongo, mara gari, mara ana uwanja mwingine bora zaidi ng'ambo ya mji. Na kila alipomtukana fundi wa lile turubai, maana ilikuwa burudani yake, Bwana Kiganja alicheka kidogo zaidi ya inavyostahili, kisha akabadili mazungumzo.

Mwisho Chiriku akachoka kuzungushwa kama pia. Alasiri moja alimshika Bwana Kiganja kidole, akamvuta hadi uwanja wa mtaani, mama nyuma anafuata na chupa ya maji. Turubai lilikuwa palepale, zuri, limekazwa barabara kwenye nguzo zake. Kivuli chake kilikuwa kimeuruka uwanja, kimemfunika mlinzi, mzee mmoja aliyeketi amenyoosha miguu, na kilichobaki kimeangukia barabarani ambako hakuna mtu.

Mzee alipowaona, akasimama kwa heshima zote.

"Fundi! Mwanangu! Karibu uone kazi yako!" Akamshika mkono kwa mikono miwili. "Tangu ulipotufungia hili turubai, mimi sijaugua kichwa tena. Kila siku nakuombea dua."

Mama Chiriku akasimama. Alimtazama mzee, akatazama turubai, akamtazama Bwana Kiganja, ambaye alikuwa anaitazama kofia yake.

"Ni wewe," akasema.

"Nisikilize kwanza."

"Ni wewe! Nimekutukana usoni mwako siku zote hizi, na wewe umenishikia mkoba na kucheka!"

"Sisi tunafanya kazi alfajiri, kabla ya joto," akasema haraka haraka. "Jua likipanda tunashuka, hakuna anayeweza kushika vyuma. Siku ile nilipolifunga, jua lilipochomoza kivuli kilianguka juu ya mtelezo sawasawa. Nilisimama pale nikafurahi. Sikuwahi kurudi alasiri."

"Watoto gani wanacheza alfajiri? Kuku?"

"Nilitaka kukuambia pale pale supamaketi. Ukasema utanikalisha bila suruali."

Mlinzi akageuka, akajifanya anaangalia lango.

"Kukosea kivuli ningekusamehe," mama akasema. "Kila mtu anakosea. Lakini mwanamume wa kwanza alinificha mke. Wewe umenificha turubai, tena kubwa kiasi hiki. Kesho utanificha nini? Chiriku, twende."

"Lakini sijateleza!"

"Hutelezi. Kunaunguza."

Simu zikaanza. Hakupokea. Ukaja ujumbe: *Samahani.* Ukaja mwingine: *Samahani sana.* Akaugeuza uso wa simu chini na kushona mapazia kwa hasira, akakata kipande cha mteja kifupi, ikabidi akirudie. Alikuwa na hasira na fundi, na hasira na manispaa, na hasira zaidi na nafsi yake, kwa sababu kila simu ilipolia moyo wake uliruka kama wa msichana. Alimpenda. Ndilo lililomchosha kuliko yote. Na nyumbani kulikuwa na mtoto anayemuuliza kila baada ya chakula kama Bwana Kiganja amekufa.

"Hajafa."

"Amekwenda kutafuta kazi?"

Usiku ule mama hakulala vizuri.

Siku chache baadaye, jua likiwa bado kali, Chiriku akapanda juu ya kiti dirishani.

"Mama, Bwana Kiganja yuko uwanjani. Anachora chini."

"Usinidanganye."

"Na jana alikuwepo. Na juzi."

Mama akasogeza pazia. Kweli, alikuwa pale peke yake, amepiga magoti kwenye mchanga wenye moto, ana kigingi na kamba, anaweka alama ukingo wa kivuli ulipofika. Kofia kaiacha kwenye uzio. Shati limeloa, limegandana na mgongo.

"Huyu mtu ana wazimu," akasema, tayari anajaza chupa maji ya baridi. "Anataka kufa, halafu watu waseme nimemuua mimi."

Akashuka ngazi, kandambili zinapiga kelele. Akamwagia nusu ya maji kichwani bila salamu, nusu akamkabidhi.

"Kunywa. Vaa kofia. Unafanya nini?"

"Najifunza alasiri." Alikunywa mpaka chupa ikalia. "Nimemwomba mkubwa wangu tuhamishe nguzo. Amesema kivuli kipo, kazi imekwisha, watoto wakifuate kilipo."

"Barabarani?"

"Nilimwambia hivyo hivyo. Akaniuliza kama nina kazi nyingine ya kufanya." Akamtazama. "Nilikuogopa. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Niliona ukijua, utaondoka, na nilikuwa nimeshawazoea. Wewe na dereva. Nisamehe."

Mama akageuka kulitazama jua, akakunja jicho moja, kama afanyavyo akiingia sebuleni kwa mteja.

"Wewe unawaza paa tu," akasema. "Jua la wakati huu haliji kutoka juu, linaingia kwa ubavuni. Mtu mwenye dirisha linalotazama magharibi hawekewi paa."

"Anawekewa nini?"

"Pazia, bwana. Pazia!" Akalia kabisa kwa kero. "Siku zote hizi unazunguka mji mzima na mshona mapazia, na hukuuliza!"

Mkubwa alipoulizwa kuhusu pazia alisema wafanye wapendavyo, bora lisimletee kazi. Bwana Kiganja akasimika nguzo mbili ndefu upande wa magharibi, alfajiri kama kawaida yake. Mama Chiriku alipigiwa simu aje aone, akajibu, "Sitoki kitandani, na pazia hutalifunga mpaka nije alasiri." Alishona kitambaa cha kivuli kwa uzi mnene, pindo mbili, akaweka matundu madogo upepo upite usilibebe angani kama tiara. Sindano tatu za cherehani zilivunjika, na kwa kila moja alimpigia simu kumlaumu.

Siku ya kulifunga, jua lilikuwa la kupasua kichwa. Pazia likapanda, likakazwa, na kivuli kikatambaa juu ya mchanga, kikaupanda mtelezo polepole mpaka juu. Wakangoja bati lipoe. Mlinzi kwenye kiti chake alikuwa bado na kivuli chake, akapiga makofi.

Bwana Kiganja akaweka kiganja kwenye bati. Akahesabu kimya. Kisha akamwachia Chiriku nafasi, naye akaweka kiganja chake kidogo pembeni, akahesabu kwa sauti, akaruka namba kadhaa.

"Pita!" akajipa ruhusa mwenyewe. Akapanda, akateleza, akapiga kelele, akakimbia tena kwenye ngazi. Mama yake alisimama pale ndani ya gauni la maji ya kunde, machozi yanamtoka, na safari hii hakuyatafutia jina lingine.

"Kuna jambo jingine nimekuficha," Bwana Kiganja akasema pembeni yake.

"Mungu wangu. Nini tena?"

"Nyumba yangu haina pazia hata moja."

Akamgeukia. Jamaa alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, anaikunja kama kitambaa cha kufutia.

"Unataka kuagiza mapazia?"

"Nataka mshonaji. Aje na dereva wake, na vitu vyao vyote. Wasirudi."

Mama akamwangalia, akitafuta kama kuna turubai lingine nyuma ya maneno hayo, asilione.

"Madirisha yanatazama wapi?" akauliza.

"Sijui," akasema kwa unyonge. "Huwa natoka alfajiri."

Mama akamnyang'anya ile kofia kabla haijaharibika, akamvika kichwani.

"Ndiyo, basi," akasema. "Kesho nakuja kupima. Alasiri."