Saa Mia Moja au Mwaka Mmoja

Seremala aliipenda mashine ya boti yake kuliko misumeno yake yote. Kila Jumamosi aliifuta vumbi kwa kitambaa safi, akaifunika shuka, akaifungia stoo. Ilitoka mara chache tu, kufuata mbao ng'ambo ya ziwa.

Kwenye mlango wa stoo alichora mistari kwa chaki. Mstari mmoja, saa moja ya kazi. Alijua kwamba kitabu cha mashine kinataka huduma kila baada ya saa mia moja. Miaka mitatu ilikuwa imepita, na mistari ilikuwa thelathini na mmoja.

"Wavuvi wanamwita fundi kila mwaka," alisema. "Wao wanaisumbua mashine usiku na mchana. Yangu mimi bado bikira!"

Mwaka huo mama mkwe wake aliacha kushona. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, hata kutunga uzi kwenye sindano hakuweza. Madaktari wa macho wangekuja hospitali ya ng'ambo kwa siku moja tu, Alhamisi. Kwa barabara, kuzunguka ziwa ni siku mbili, na kiuno cha bibi huyo hakikuweza. Kwa boti ni saa moja.

"Usihofu, Mama," Seremala alisema. "Nitakupeleka mwenyewe."

"Sifa za hiyo mashine nimezisikia hadi masikio yamejaa, mkwe wangu. Sasa nataka kuipanda."

Jumapili Seremala na mkewe waliijaribu. Ilikohoa, ikazima, ikawaka kwa shida. Hawakufika mbali. Mlio mkali ukaanza, mashine ikafuka moshi. Seremala akaizima haraka. Wakarudi kwa makasia, wavuvi wakiwatazama.

"Piga kasia, baba watoto," mkewe alisema. "Hili nalo lihesabie saa."

Jumatatu alikuja fundi wa mashine, mwanamke wa maneno machache. Alifungua skrubu ya chini, mafuta ya gia yakatiririka kwenye bakuli. Yalikuwa meupe kama chai ya maziwa.

"Maji yameingia," alisema. Kisha akamsogezea Seremala tangi la petroli. "Nusa."

"Inanuka vanishi!"

"Imekaa muda gani?"

"Miezi minane."

"Petroli huchacha. Hiyo ndiyo inayokohoza mashine."

Mwisho alifungua pampu ya maji. Ndani mlikuwa na feni ndogo ya mpira, ile inayovuta maji ya kupoza mashine. Mapanga yake yalikuwa yamekauka na kupinda, mawili yamekatika.

"Lakini sijaitumia!" Seremala alilalamika.

"Gundi ya mbao ukiifungua na kuitumia mara moja tu, baada ya miaka miwili inakuwaje?" fundi aliuliza.

"Inakuwa jiwe."

"Huwa unaihesabia saa?"

Mkewe alikuwa amekichukua kitabu. Alikuwa amemaliza darasa la kisomo mwaka huohuo, na alisoma huku kidole kikifuata maneno.

"'Kila baada ya saa mia moja... au mwaka mmoja... lolote litakalotangulia.' Baba watoto, mbona uliishia katikati ya mstari?"

Seremala alijikuna kichwa. Yeye aliyepima kila ubao ncha hadi ncha alikuwa amesoma nusu sentensi.

"Saa huchosha vyuma," fundi alisema. "Mwaka huzeesha mpira, mafuta na petroli, hata mashine ikilala. Bahati yako uliizima mapema."

Kufikia Jumatano alikuwa ameweka feni mpya, plagi mpya na petroli mpya. Mafuta ya injini na ya gia aliyabadilisha yote. Sili, ule mpira wa kuziba uliopitisha maji, pia ilibadilishwa. Kisha wakaitumbukiza sehemu ya chini ya mashine kwenye pipa la maji.

"Usiiwashe kamwe pakavu," fundi alionya. "Feni itaungua."

Mashine iliwaka kwa mvuto mmoja. Nyuma yake ukachomoza uzi wa maji, mwembamba na wenye nguvu.

"Huo ndio mapigo ya moyo wake. Ukikatika, zima mashine. Ukirudi safarini, isafishe kwa maji safi. Ukijua italala miezi mingi, mwaga petroli."

Alhamisi wote watatu walivaa majaketi ya kuokolea maisha. Kabla saa moja haijaisha, mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi la hospitali, wa nne katika foleni.

Mwaka ukapita. Mistari mipya mlangoni ilikuwa tisa tu, lakini pembeni yake ilining'inia kalenda, na tarehe moja ilikuwa imezungushiwa penseli nyekundu. Asubuhi ya siku hiyo fundi aliwasili bila kukumbushwa mara ya pili. Alipomaliza, Seremala aliiwasha mashine ikiwa majini, kando ya ufukwe.

"Mama, uzi wa maji unatoka?" aliuliza kwa sauti.

Mama mkwe alikuwa mbali, barazani, cherehani mbele yake. Akainua macho.

"Unatoka!" akajibu. "Na wewe, mkwe wangu, shati umelivaa ndani nje!"