Nyungu ya Kumwingiza Mukwe

— Jadotville! alisema Adalbert, akigonga meza kwa kidole. Tutafikia kwa rafiki yangu Edouard. Nyumba ya matofali, iko courant ya kuwasha taa, iko cinéma. Asubuyi tunaenda Kambove, mangaribi tunarudia. Siku ingine Kolwezi, tunarudia. Bintu byetu binabakia pahali pamoja. Njo konji ile!

Musonda alikuwa anamsuka Jeanne, binti yao wa miaka minne, na mkono wake ulisimama katikati ya nywele.

— Mama Jeanne, niko nasema na weye.

— Nimesikia.

— Basi?

— Basi andika Jadotville. Njo weye mwenye kushika kalamu.

Msomaji wangu, mwanamke akikubali upesi hivyo, mwanaume mwenye akili huweka kalamu chini. Adalbert akaandika.

Ilikuwa mwaka 1954, Élisabethville. Adalbert alikuwa karani wa reli, shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Kila mwaka alipata konji, yaani likizo, ya siku kumi na tano na tikiti ya bure ya familia. Sharti lilikuwa moja: karatasi itaje kituo kimoja cha kufikia, halafu vituo vya kutembelea kutoka pale, vyote upande mmoja wa reli. Upande wa Jadotville kulikuwa na miji. Upande wa pili, kuelekea Mokambo, kulikuwa na kijiji cha kina Musonda, na mama yake ambaye hakumwona tangu aolewe.

Miaka sita! Jeanne hakumjua bibi yake. Kila konji Musonda aliomba Mokambo, na kila konji Adalbert alipata sababu. Mwaka huu mvua, mwaka ule mbu, mwaka mwingine njia mbaya. Kila mara gari la moshi la kwenda Mokambo lilipopiga filimbi saa sita mchana, Musonda aliacha kufua akasimama tu, povu mikononi. Moyoni alishajipa jibu: mume wangu msomi anaona haya kwetu. Na ukipenda boga, penda na ua lake. Asiyetaka kwetu, mimi atanitaka mpaka lini?

Adalbert alipeleka karatasi ofisini asubuhi. Mchana, barua ikafika mkononi mwa mama mmoja aliyekuja na gari la Mokambo kuuza samaki wakavu. Iliandikwa na katekista wa kijiji, na kwa kuwa Musonda hakujua kusoma, ilibidi Adalbert mwenyewe, aliporudi kutoka kazini, aisome kwa sauti.

"Mwanangu Musonda, yambo. Mie mama yako niko muzima, magulu tu njo inaniuma. Uniambie kweli: nilimukosea nini mukwe? Ile nyungu nilifinyanga ya kumupikia chakula ya kumuingiza, ingali pa dari. Kila mwaka naishusha, naipanguza moshi, naipandisha. Nikikufa kabla ya kumupikia, nitakufa bila kuona uso yake. Ile siku alikuja kukuoa nilisikia kikohozi yake tu. Umuambie asitembee mu baridi bila kabuti."

Adalbert akaikunja karatasi. Akaikunjua, akaitazama tena.

— Soma, alisema Musonda.

— Imeisha. Musonda... mama yako anataka kuona uso yangu?

— Ju ya nini asitake?

— Yeye alinigeuzia mugongo! Nilikuja na koti mupya, nikanyoosha mukono, akajifunika kitambaa, akakimbilia mu mihogo. Siku tatu nzima! Nikipita njia hii, yeye anaingia mu majani. Nikasema basi, hanitake. Ananiona muntu wa kuokota, mutoto wa kutoka Kasai, asiye na baba, asiye na mama.

Musonda alimtazama kama anayemwona leo. Akaanza kucheka, kicheko kikamgeukia kilio.

— Baba Jeanne! Ile njo eshima! Mama hawezi kuangalia mukwe kabla ya kumuingiza. Kwanza anamupikia chakula mingi, yeye na bandugu bote. Mukwe akila, njo anaingia mu nyumba, njo banaonana. Muntu gani asiyejua?

— Mie sikujua.

Kweli, hakujua. Wazazi wake walikufa angali mtoto mchanga, akalelewa na mapadri. Walimfundisha misa kwa Kilatini, kupiga mashini ya kuandikia, na kupanga uma na kisu mezani. Mambo ya ukwe nani angemfundisha, padri?

— Na haukuniuliza miaka yote ile?

— Nilikuwa na haya. Nilizani unajua kwamba hanitake, unanifichia juu ya huruma. Na weye, ju ya nini haukuniambia?

— Nilizani unaona haya ya kwetu. Adalbert, mie nakupenda. Lakini gari ile ikipiga filimbi, roho yangu inapanda ndani inaenda, mie nabakia hapa na maji ya sabuni.

Adalbert alichukua kofia yake, akatoka mbio mpaka ofisini. Anaclet, karani wa tikiti, alikuwa anafunga dirisha.

— Anaclet, ndugu yangu, ile karatasi yangu. Badilisha.

— Nimeisha kupiga muhuri! Tunaandika nini?

— Mokambo.

— Weye? Évolué muzima, musomi wa mujini! Utafikia kwa nani kule?

— Kwa mama mukwe.

Anaclet alicheka mpaka akashika tumbo, lakini karatasi mpya akaitoa.

Jumamosi iliyofuata walishuka Mokambo wakatembea mwendo wa saa mbili. Karibu na kijiji, mwanamke mmoja mwembamba alitokea njiani na kuni kichwani. Kuwaona tu, kuni zikaanguka, kitambaa kikapanda usoni, na yeye huyo, ndani ya mihogo.

Safari hii Adalbert hakukasirika. Alikaa chini njiani na suruali yake ya pasi, akaipa mihogo mgongo, akakohoa.

Majani ya mihogo yakaacha kutikisika. Halafu sauti ikatoka humo:

— Ni yeye! Musonda, ni yeye!

Wanawake walipika siku mbili. Siku ya tatu nyungu ililetwa, imejaa kuku wa moto. Adalbert alikula, vigelegele vikapigwa, wakamwingiza nyumbani. Mama mkwe alikaa mbele yake, Jeanne mapajani. Akashusha kitambaa polepole, akamtazama kwa muda mrefu.

— Kumbe ni mutoto, alisema. Musonda, haukuniambia kama angali mutoto vile.

Adalbert alitaka kusema kitu kizuri cha kisomi. Likatoka neno moja tu, ambalo katika miaka yake thelathini na moja hakuwahi kuwa na mzazi wa kumwambia.

— Mama.

Sakania na vituo vingine vya kutembelea vya kwenye karatasi havikuwaona konji ile. Mama aliisogeza nyungu mbele yake tena.

— Kula, mwanangu. Ile ni ya mwaka moja tu. Bado mitano.