Folda ya Khalfani

Haya yalimkuta rafiki yangu Suhaib, fundi kompyuta wa Tabata, na mie namjua, si mtu wa kuzua.

Raudha alikuwa kwenye eda, hatoki nyumbani, kwa hiyo Suhaib akaitwa huko. Marehemu mumewe, Khalfani, aliacha laptop ya mfumo wa Linux yenye folda ya sauti alizokuwa akimrekodia mkewe. Kila Raudha akiifungua inagoma: huna ruhusa.

"Nataka nimsikie mara moja tu, shemeji, kisha nizifute," Raudha alisema nyuma ya pazia la chumbani. "Siwezi kuishi nazo."

Suhaib akakaa sebuleni, akaingia kama msimamizi wa mashine, akaondoa jina la Khalfani kwenye umiliki wa folda, akaweka la Raudha. Ikakubali. Alipoangalia tena, Khalfani. Akarudia. Khalfani.

Umeme ukakatika. Betri ilishakufa zamani, laptop ikazima palepale. Nje wingu la mvua ya masika lilikuwa limetanda, sebule ikawa giza. Suhaib akaweka mikono mapajani. Ndipo akasikia vitufe vinabonyezwa, kimoja kimoja, taratibu.

Raudha akaanza kulia.

"Shemeji, mbona unabonyeza kama yeye? Khalfani ndo alikuwaga anatumia kidole kimoja."



Umeme uliporudi Suhaib akawasha mashine, na folda ikafunguka bila kugoma. Mmiliki alikuwa Khalfani. Chini yake liliandikwa jina la Raudha: anaruhusiwa kufungua na kusikiliza. Kufuta, haruhusiwi.