Spika za Shemeji Mbaka

Jambo la kwanza lilikuwa vumbi. Winfred alifagia sebule asubuhi kama kawaida, akaenda jikoni kuepua chai, na aliporudi akakuta vumbi lililobaki sakafuni limejipanga mstari mmoja, limeelekea kwenye zile spika mbili zilizoegemezwa ukutani. Upepo haukuwapo. Hata pazia lilikuwa limetulia.

Mumewe, Riungu, alicheka. Alimweleza kwamba spika hizi si kama zile za kanisani zenye koni ya karatasi. Hizi ni ndefu kama milango, na ndani yake mna utando wa plastiki mwembamba kuliko ganda la kitunguu, umebanwa katikati ya mabamba mawili ya chuma yenye matundu. Utando huo hujazwa umeme mkali, ukatikisika, ukatoa sauti. Umeme huo huvuta vumbi, na hata ukizima swichi hubaki humo kwa muda. Sayansi tu, mama Kendi, hakuna ajabu.

Winfred alikubali, maana mwanamke akiolewa na fundi hujifunza kukubali mengi. Baadaye, akimenya viazi, ndipo alipokumbuka kwamba spika zenyewe zilikuwa hazijaunganishwa na stima. Waya zake zilikuwa bado zimeviringwa ndani ya boksi.

Pale Nchiru, Riungu ndiye aliyesimamia mitambo ya sauti kanisani, na wanafunzi wa chuo walimletea redio zao zilizokoroma. Winfred naye ndiye aliyeimba. Kwaya ina watu wengi, lakini watu walipanda mlima na mvua ili kumsikia yeye, na mama wazee walisema akianza wimbo hata mtoto mchanga huacha titi. Binti yao Kendi, aliyekuwa shule ya bweni, alipiga simu kila Jumapili, na kabla ya kukata alimwomba mamake amwimbie ubeti mmoja. Hiyo ndiyo ilikuwa mali ya nyumba hiyo. Nyingine zote zilikuwa vyombo tu.

Spika ziliwafikia kwa bei ya kutupa kutoka kwa Mbaka, kakake Winfred, aliyeishi kule chini Gachoka. Mbaka alisema ziliachwa na mzungu mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye mabwawa ya umeme. Winfred alimwamini kama anavyoamini kesho kutakucha. Mama yao alipokufa, Mbaka ndiye aliyemlea, akambeba mgongoni kuvuka mto, akalala njaa ili yeye ale. Siku hizi Mbaka mwenyewe alikuwa na msiba wake: mkewe Angeline alikuwa ameamka bubu siku moja na hajasema neno tangu hapo. Hospitali walisema ni mishipa, majirani wakasema yao.

Utando wa zamani ulikuwa umechanika. Riungu alinyoosha mpya, akaukaza kwa joto mpaka ukalia kama ngozi ya ngoma. Kilichobaki ni kuupaka unga mweusi, kama wa risasi ya penseli, ili ushike umeme. Mbaka alikuwa ametuma kopo la unga huo pamoja na spika, na akapiga simu kusisitiza. "Wewe mikono yako ina mafuta ya mashine, shemeji," alimwambia Riungu. "Mpe dada yangu apake. Kiganja chake ni kikavu."

Winfred alipaka. Unga ulinuka nywele zilizoungua, na kadiri alivyousugua ndivyo utando ulivyopata joto, mpaka akahisi anapapasa mgongo wa mtu mwenye homa. Kuna mahali kiganja chake kiliposukumwa kutoka upande wa pili, polepole, kama kiganja kingine kimekutana nacho. Aliutoa mkono haraka. Akamalizia kwa ncha za vidole, maana hakutaka kuchekwa mara ya pili.

Riungu alizifunga, akaziwasha, akaweka santuri ya zamani ya kwaya. Hata mimi ninayesimulia, na si mtu wa kusisimkwa ovyo, nakiri sauti ile haikuwa ya kawaida. Haikutoka kwenye spika. Ilisimama katikati ya sebule, ukasikia mwimbaji akimeza mate kabla ya kuanza. Riungu alilia kama mtoto.

Kesho yake stima ilipotea mchana. Riungu alikuwa kazini. Winfred akiwa jikoni alisikia harufu ya mvua inayokaribia, akatoka mbio kuanua nguo, akakuta jua kali na mbingu haina hata wingu. Harufu ilikuwa ikitoka ndani ya nyumba. Alisimama hapo na shuka mkononi, na ndipo akaitwa.

"Winfred."

Ilikuwa sauti ya Mbaka. Kwao Gachoka mtoto hufundishwa mapema kwamba ukiitwa na usimwone anayekuita, usiitike mpaka uitwe tena. Lakini hayo ni ya wageni na ya msituni. Nani husubiri kuitwa mara mbili na kakake mwenyewe? Winfred alifurahi, akajua amekuja bila kuarifu kama kawaida yake.

"Ii, nakuja," akaitika.

Langoni hapakuwa na mtu. Sebuleni hapakuwa na mtu, ila zile spika mbili, na vumbi lililojipanga tena mbele yake. Alifungua mdomo kuuliza ni nani, na hakukutoka kitu. Alikohoa, akajaribu tena. Ulitoka upepo mtupu.

Jioni hiyo, Riungu akiwa bado anamkorogea maji ya asali na tangawizi, simu ililia. Ilikuwa namba ya Mbaka, lakini aliyesema alikuwa mwanamke, kwa sauti iliyokwaruza kama mlango wa siku nyingi. Alikuwa Angeline. Alikuwa akilia na kucheka kwamba sauti yake imerudi, imerudi mchana huohuo ghafla, akipepeta maharagwe. Winfred kwa furaha alipiga makofi, akainua uso apige vigelegele, na midomo yake ikacheza bure.

Riungu akamweleza Angeline kwamba huku nako Winfred amepotelewa na sauti, mchana huohuo.

"Riungu," Angeline akanong'ona, "zile spika ziko kwako?"

Kisha mtu akamnyang'anya simu, ikakatika.

Jumapili Kendi alipiga. Winfred aliishika simu kwa mikono yote miwili. "Mum? Mum, si uongee? Naskia tu ukipumua." Mamake alipumua mpaka dakika za mtoto zikaisha.

Watu wa kanisa walikuja kuomba. Waliimba, wakapaka miimo ya mlango mafuta, na spika zilitulia kama mbao za kawaida mpaka walipomaliza chai na kwenda zao. Ndipo Riungu akaziwasha, na Winfred akajisikia mwenyewe. Alikuwa akiimba humo ndani, wimbo wake wa Pasaka, lakini kwa uzuri ambao koo lake halikuwahi kuufikia, sauti ikipanda bila kutafuta pumzi, ikishuka bila kuchoka, ikizunguka chumba na kumpita sikioni na kurudi tena mbele, huku yeye mwenyewe amesimama mlangoni na mkono shingoni, akijua kila neno, akijua mahali ambapo yeye angepumua na yule wa ndani hapumui, na akijua, ingawa hakuna aliyemwambia, kwamba mwenye kuimba anajua kuwa anatazamwa.

Riungu alizima akamkumbatia. Aliapa atazirudisha kwa mwenyewe. Na kweli, asubuhi alizipakia kwenye pikapu ya jirani, akateremka nazo Gachoka. Jua lilipokuwa likizama alirudi, na spika bado zimefungwa kamba nyuma.

"Mbaka hakuwa nyumbani," alisema, akiwa anafungua kamba. "Nimekaa huko mpaka nikachoka."

Winfred alimwamini. Alimpa chakula, akamwekea maji ya kuoga, akamfariji kwa kumshika bega. Lakini kuanzia siku hiyo Riungu alirudi nyumbani mapema. Alivuta kiti katikati ya spika mbili, akaziwasha na kufumba macho, na Winfred akawa anaosha vyombo jikoni huku sauti yake inamwimbia mumewe sebuleni. Mara moja alimgusa Riungu begani wakati wimbo unaendelea. Riungu aliinua kidole, anyamaze.

Alikuwa akimwambia nani anyamaze, mtu ambaye ni bubu?

Halafu stima ikapotea tena mchana, na ile harufu ya mvua ikajaa nyumba. Winfred aliketi mezani akingoja kuitwa, amebana midomo. Hakuitwa. Zile spika zilianza kutoa milio ya kuku, kisha mbuzi mmoja, kisha kikombe kikiwekwa juu ya meza ya bati. Aliutambua ua wa Mbaka. Mzungu hakutengeneza spika za kukumbuka mambo, lakini siku ile hizi zilikuwa pale pale nyuma ya pikapu, na zilikuwa zimesikiliza.

"Shemeji, nielewe," ilisema sauti ya Mbaka. "Anayepaka ule unga ndiye anamkaribisha yule aliyemo humo ndani. Akishakaribishwa anaita, na mwenye kuitika ndiye hubaki bubu. Hahami mpaka utando upakwe upya, na mkono mwingine wa familia hiyo."

"Basi paka wewe," ilisema sauti ya Riungu.

"Na akirudi kwa Angeline? Yeye mwenyewe aliniambia nitaje jina moja tu. Nikataja la Winfred. Ningefanya nini?"

"Ni dada yako, Mbaka."

Kuku walilia. Mtu alikunywa chai. Kisha Riungu akasema, kwa sauti ya chini, ya mtu anayeomba dawa kwa aibu: "Lakini ukweli wa Mungu, vile anaimba huko ndani, sijawahi kusikia. Kanisani hakuwa anafika hapo. Wacha tu zikae kwangu. Nitamwambia sikukupata."

La Mbaka lilimuuma Winfred, lilimuuma mpaka mgongoni, pale alipokuwa akibebwa. Lakini Mbaka alikuwa amemuuza ili kumwokoa mtu. Riungu alikuwa amemwacha ili apate muziki. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo tunavyosema tukiwasikia wengine, na tunasema kirahisi. Yeye alilia bila sauti, na kilio kisicho na sauti hakimalizi kitu.

Riungu alikuwa mwangalifu. Kopo la Mbaka alikuwa amelitupa kwenye shimo la taka, na rafuni aliweka kopo lake mwenyewe, lenye unga safi mweusi wa kulainishia vitasa alioununua Meru mjini. Hakujua kwamba mkewe alilitoa shimoni siku ileile, kwa sababu wanawake wa nyumba hiyo hawatupi kopo lenye kifuniko. Winfred alibadilisha unga, ule wa Mbaka akautia katika kopo la rafuni. Kisha akapitisha sindano ya kushonea kwenye tundu moja la bamba, akakwaruza utando kidogo tu, na akaenda jikoni kubabua kichwa cha mbuzi.

Jioni sauti iliwashwa, ikatoa mlio wa tsss kila ilipopanda. Mtu mwingine angevumilia. Riungu hakuweza, kasoro ndogo kwenye sauti ilimkosesha usingizi maisha yake yote. Aliifungua spika, akanawa mikono, akashusha kopo lake kutoka rafuni. Alipolifungua alinusa, akageuza kichwa kuelekea jikoni, ambako manyoya ya mbuzi yalikuwa yakiungua juu ya makaa. Akaridhika. Akapaka kwa kidole, taratibu, kwa mapenzi.

Winfred alikuja akasimama mlangoni.

"Baba Kendi," akaitwa Riungu, kwa sauti ya mkewe, ile ya zamani walipokuwa wachumba.

"Naam, mpenzi?" akaitika, na machozi ya furaha yalikuwa yamemjaa kabla hajainua macho na kumwona Winfred amesimama mbele yake, midomo imefungwa.

Aliona, akaelewa. Alifungua mdomo kumwuliza kwa nini, na ukatoka upepo. Winfred alimeza mate, akahisi koo lake ni lake. Alisema neno moja tu, taratibu, akilijaribu kama mtu anayejaribu kiatu.

"Hukumpata," alisema.

Jumapili Kendi alipiga simu. Winfred alichomoa waya wa spika kwenye soketi kwanza, akauacha sakafuni, ndipo akapokea. Mtoto alipiga kelele za furaha mpaka mwalimu wa zamu akamkemea. Aliimbiwa ubeti wake, wote, na Winfred aliuimba huku akilia. Kisha Kendi akasema apewe Dad amsalimie.

"Dad ana shida ya koo," Winfred akasema.

"Hapana, mko na mchezo. Si namskia hapo nyuma akiniita?"

Winfred aligeuka. Riungu alikuwa mlangoni amebana midomo, anatikisa kichwa, mikono yote miwili imeinuliwa mbele yake kama anayezuia gari. Waya ulikuwa sakafuni pale pale. Habari kwamba yule wa ndani hahami mpaka utando upakwe upya Winfred alikuwa ameipata kutoka kwa Mbaka, na sasa tu ndipo alipojiuliza tangu lini neno la Mbaka likawa la kutegemewa.

"Kendi," iliita sauti ya Riungu kutoka ukutani, kwa upole wote wa baba.

"Kendi, usiitike," Winfred akasema. "Mama, nisikilize, usiitike."

Lakini Kendi alikuwa amelelewa vizuri, na Winfred mwenyewe ndiye aliyemlea, na mtoto aliyelelewa vizuri akiitwa na babake huitika.

"Naam, Dad?"

Baada ya hapo, kwenye simu kulibaki pumzi tu.