Chafya ya Mtoto wa Makokha

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mapaa ya Nakuru Makokha alipopanda ngazi za duka la Wanyoike kutafuta kamera. Alitaka ya bei nafuu, ila iwe inavuta mbali. Kesho yake wakwe zake wangekuja kutoka Elburgon kumpa mtoto wake jina la kiukoo, na mama mkwe alikuwa ameshamwonya kwa simu: shughuli ile ni ya wanawake, mwanamume hasogei. Akitaka picha za familia, azipige akiwa getini.

"Simu haiwezi," Makokha alimwambia Wanyoike. "Ukivuta kidogo tu, sura za watu zinakuwa uji."

Wanyoike alicheka, akapanga kamera mezani. "Boss, hii kubwa wachana nayo. Bei iko sawa, lakini lenzi zake zitakumaliza. Hii ndogo imeandikwa zoom kibao, lakini ni ya digital, inakuza madoadoa tu. Chukua hii. Imetumika, imekwaruzwa hapa chini, lakini zoom ni ya lenzi yenyewe. Toka hapo nje ujaribu."

Makokha akatoka kwenye kibaraza cha ghorofa. Akaielekeza kamera ng'ambo ya barabara, kwenye stage ya magari ya Salgaa, akabonyeza. Lenzi ikanguruma kidogo... ikarefuka...

Mama yake akajaa kwenye kioo.

Alikuwa ameketi juu ya begi lake, leso ya manjano kichwani, akingoja gari. Makokha mwenyewe ndiye aliyemtuma Salgaa kwa dada aliyezaliwa naye, Immaculate, akae huko mpaka wageni waondoke. Alidhani ameshafika. Picha ilikuwa safi, hata mikunjo ya shingo ilionekana. Kisha mama akainua uso polepole, akatazama juu, ndani ya lenzi hasa. Kwa umbali ule hakuweza kumtambua mtu. Lakini midomo yake ilisogea, kama ya mtu aliyeitwa akaitika.

"Enhe, inavuta!" Wanyoike alikuwa begani pake, akichungulia kioo. "Huyo mathe mbona anakuangalia hivyo? Unamjua?"

"Hapana," Makokha alisema, akaizima kamera.

Alilipa bila kubishana bei, jambo ambalo si kawaida yake, akashuka kwa mlango wa nyuma ili asipite stage. Mtu mzima, baba wa mtoto, anamkwepa mama yake mzazi kama mwizi wa kuku. Masikio yalimwaka kwa aibu mpaka akafika nyumbani.

Aibu yenyewe ilikuwa ya zamani. Truphosa, mama yake, alimlea mtaani Rhonda kwa kuuza dagaa wa omena, akamsomesha hadi akamaliza. Ila majirani walimwita mchawi, mkimbiaji wa usiku. Walisema ndiye anayerusha mchanga juu ya mabati watu wakilala, ndiye anayetikisa milango. Hakuna aliyewahi kumshika. Hata hivyo Makokha alizomewa shuleni, akajifunza kutembea mbali na mama yake njiani kana kwamba hawajuani. Basi siku alipokwenda Elburgon kuposa, baba mkwe, mzee Kibii, akamuuliza habari za mama. Watu wote chumbani wakamgeukia. Makokha akafungua mdomo, likatoka neno ambalo hakulipanga.

"Alishatuacha."

Wakwe wakainamisha vichwa, wakamwombea marehemu. Marehemu mwenyewe saa ile alikuwa Rhonda anapima omena kwa mkebe. Cheruto, bibi harusi mtarajiwa, aliyekuwa amekula kwa Truphosa si mara moja, alimkodolea macho mchumba wake. Tangu hapo amekuwa akimsihi awaambie wazazi ukweli. Na Makokha amekuwa akijibu, "Nitasema."

Jumapili ilikuja na mawingu mazito. Mama mkwe, Chepkemboi, aliteremka na wazee wenzake wa kike, wakaingia sebuleni, wakaketi sakafuni wamemzunguka Cheruto na mtoto. Desturi yao ni hii: wanaita majina ya waliokufa wa upande wa baba, jina moja baada ya jingine, huku wakimsogezea mtoto ugoro puani. Jina litakalotajwa mtoto akapiga chafya, huyo ndiye aliyerudi ndani yake.

Kabla ya kuanza, Chepkemboi alikuja getini, ambako Makokha alikuwa amesimama na kamera pamoja na mzee Kibii.

"Tupe majina ya watu wako waliolala," alisema. "Waliolala peke yao, unasikia? Mwenye pumzi haitwi. Ukimwita mwenye pumzi, utamtoa mahali alipo."

Makokha akataja babu, Khaemba. Akataja nyanya, Nekesa. Akaishia hapo.

"Na mama yako?" Chepkemboi akamshika mkono kwa upole. "Huyo ndiye mimi namtaka sana. Hatukubahatika kumwona. Angalau tumwone kwa huyu mtoto. Aliitwa nani?"

Nafasi ya kusema ilikuwa wazi kabisa. Mzee Kibii alikuwa pale, ameegemea fimbo, anangoja. Makokha akajiambia haya ni mambo ya kizamani, yeye ni mtu wa kanisa, jina tu litamdhuru nani?

"Truphosa," alisema.

Wakaanza. Makokha akavuta zoom kutoka getini, kupitia mlango uliokuwa wazi, mpaka uso wa mtoto ukajaa kioo, na harufu ya ugoro ikamfikia pale alipo.

"Khaemba... Khaemba, njoo..."

Mtoto alilala fofofo.

"Nekesa... Nekesa, njoo..."

Mtoto alijinyoosha.

"Truphosa..."

Mtoto akafungua macho.

Cheruto akainua kichwa. Kwenye kioo cha kamera uso wake ulikuwa karibu mno, jasho juu ya mdomo, macho yamejaa machozi. Alitazama lenzi. Midomo ikatamka neno moja bila sauti.

Sema.

Makokha angepaza sauti, wangemsikia wote. Lakini mzee Kibii alikuwa ubavuni pake. Basi akajibanza nyuma ya kamera ile kana kwamba ni ukuta wa kujificha, akabonyeza, akapiga picha. Ndiyo, mke analia, yeye anapiga picha.

"Truphosa, njoo... Truphosa, njoo..."

Chafya.

Vigelegele vikapasua nyumba. Mtoto hakulia. Aligeuza shingo taratibu, shingo ambayo jana yake ilikuwa bado haijakaza, akatazama ndani ya lenzi. Midomo ikasogea. Makokha aliifahamu ile namna ya kuitika: ni ya mama yake pale stage.

Simu ikalia. Ilikuwa Immaculate, akinong'ona.

"Makokha... mathe."

"Amefanya nini?"

"Alikuwa anachambua maharagwe. Akaanza kuitika. 'Eeh, nakuja... nakuja...' Na hakuna mtu alikuwa anamwita. Halafu akapiga chafya moja tu. Sasa hanijui. Hajui hata jina lake."

"Ni nani huyo?" mzee Kibii akauliza.

"Jirani tu, mzee."

Cheruto hakuhitaji kuambiwa. Alimfuata getini mtoto akiwa begani, akamsogelea sikioni. "Ni mathe, si ndiyo? Mama yangu anajua kurudisha jina lililokosewa. Lakini lazima mwenye kulitoa aseme mwenyewe, mbele ya wale waliolisikia. Kabla hawajatawanyika. Makokha, tafadhali."

"Nitasema."

"Saa hii."

"Nimesema nitasema!"

Wakaitwa kupiga picha ya familia. Akawapanga kwenye ngazi: mzee Kibii, Chepkemboi, wazee wa kike, Cheruto, na mtoto katikati. Mzee Kibii akamwita naye aje asimame. Makokha akasema hapana, nani atapiga? Akapiga. Wakala. Wakanywa chai. Kila alipofungua mdomo, mzee Kibii alimgeukia kwa uso uliojaa heshima, na heshima ile ndiyo iliyomshinda. Gari la Elburgon likawashwa. Akapunga mkono mpaka likapotea kwenye kona, na Cheruto akaingia ndani akafunga mlango kwa ufunguo.

Makokha alifika Salgaa malori yakianza kuwasha taa. Immaculate alimpokea mlangoni, macho yamevimba. Daktari wa kliniki ya hapo alikuwa amesema ni presha, labda kiharusi kidogo, wampeleke kupigwa picha ya kichwa. Labda ndivyo. Watu wazima hupatwa na kiharusi kila siku.

Lakini chumba kilinuka ugoro. Truphosa hakuwahi kunusa ugoro maishani mwake.

Alikuwa ameketi kitandani, msafi, mtulivu, maharagwe machache bado kwenye mapaja.

"Mama," Makokha alisema. "Mama, unaitwa nani?"

Akafikiri sana.

"Nilikuwa nalo jina," alinong'ona. "Wamelichukua."

Makokha akakosa pa kuweka mikono. Akawasha kamera, akamwonyesha picha ya familia, akitumaini itamgusa kumbukumbu. Truphosa aliishika. Kidole chake kikapita juu ya mzee Kibii, kikapita juu ya Chepkemboi, kikamgusa Cheruto, kikatua kwa mtoto. Akacheka kicheko kidogo cha mtu aliyepata kitu chake kilichopotea.

"Huyu ni mimi."

Immaculate akaziba mdomo kwa kiganja.

Truphosa aliendelea kuikagua picha ile, sura moja baada ya nyingine. Kisha akainua macho. "Na wewe uko wapi hapa?"

"Siko."

"Kwani wewe ni nani?"

Mimi ni mwanao. Ni maneno mafupi. Makokha aliyapata mpaka ulimini. Lakini alimwona dada yake pale mlangoni, akakumbuka stage, akakumbuka Elburgon. Kwa mdomo gani angejiita mtoto wa mtu aliyemzika akiwa hai?

"Mimi ni mpiga picha tu," alisema.

Mama yake akatikisa kichwa kwa kuelewa, akamrudishia kamera kwa mikono miwili, kwa adabu yote anayostahili mgeni.

"Asante, boss," akasema.